Baridi ya Fundi Bediako

Mtu atakayesoma habari hii akaiamini, aje Suame Magazine, mtaa wa mafundi magari hapa Kumasi, aniulizie mimi, Boahene, muuza spea. Nitamnunulia soda, kwa sababu atakuwa wa kwanza. Nimeisimulia misibani, nimeisimulia kwenye benchi la muuza supu ya mbuzi, nimemsimulia hata mchungaji, na kila mara watu hunitazama vile unavyomtazama mtu anayekuuzia gari lisilo na injini. Sawa. Safari hii naiandika. Shule sikukaa sana, maana mimi na mwalimu tulikosana juu ya nani alikuwa akimfundisha mwenzake, lakini kalamu naiweza. Na Bediako mwenyewe ameketi hapa kando yangu na kikombe chake cha uji, na kila ninachokiandika nakisoma kwa sauti ili akisikie.

"Andika ukweli tu, mjomba," ameniambia.

Kana kwamba mimi najua kuandika kitu kingine.

Bediako ni mpwa wangu, na ni fundi wa AC za magari. Kule Suame kila mtu ana kipande chake cha gari. Yuko mzee ambaye maisha yake yote yameishia kwenye vitasa vya milango. Ukimpelekea taa anakasirika kama umemtukana. Kipande cha Bediako ni baridi. Magari yanayofika kwake ni yale yaliyochokwa Ulaya, yakavuka bahari, yakateswa na barabara zetu hadi AC zake zinatoa hewa kama pumzi ya mbwa. Yeye hufungua boneti, akaunga geji zake, mpira wa bluu huku na mwekundu kule, kisha akapaka povu la sabuni kwenye viungio na kukaa akingoja kiputo kichungulie pale gesi inapovuja. Hana haraka. Hulisemesha gari taratibu kama mkunga anayemsemesha mzazi.

Ila sifa yake haikuwa geji. Sifa yake ilikuwa kiganja. Kazi ikiisha alikuwa akifumba macho, anaweka kiganja mbele ya tundu la hewa, anakaa hivyo kama mtu anayesikiliza redio ya chumba cha pili, halafu anasema, "Bado kidogo," au, "Mpe mwenyewe ufunguo." Hakuwahi kukosea. Kuna madereva wa teksi waliokuwa wakimletea magari mazima kabisa ili tu ayawekee kiganja na kuwaambia yako sawa. Kiganja hicho ndicho kilichomlisha yeye na mkewe Nsowaa, na ndicho kilichotaka kumpotea.

Ilianza hivi. Mvua za mwaka juzi zikiwa zinaishia, tulipata habari kwamba Mjomba Amponsem, mkubwa wetu aliyehamia Abidjan na cherehani yake, amefariki, na majirani wameshamzika. Basi. Kwetu mtu haachwi akalala mzima mzima nchi ya watu. Mwili ukishindikana, nywele zake na kucha zake hurudi nyumbani, na hizo ndizo tunazozililia na kuzizika, kwa sababu hizo ni yeye. Bahati nzuri jirani yake alikuwa mama wa kwetu, muuza wali, mwenye kujua mambo. Kabla maiti haijafungwa sanda alimkata nywele, akamkata kucha, akazifunga kwenye kitambaa cheupe kwa uzi mweusi, akakaa akitungoja.

Ukoo ukamtuma Bediako, kwa kuwa ndiye mpwa mwenye gari. Tuliite gari. Ni Pijo 505 kuukuu yenye rangi ambayo hakuna mtu anayeweza kuitaja jina, na AC yake ilikuwa imekufa tangu alipoinunua, kwa sababu Bediako alitengeneza AC za watu wote isipokuwa yake.

Alipofika Abidjan alipelekwa kaburini. Pale pale, kama inavyompasa mtu wa damu, alinyoa kichwa chake na kukata kucha zake kuomboleza. Sasa nambie wewe, nani mwenye akili timamu anaziacha nywele zake zipeperuke katika nchi ngeni, azikanyage nani, azitumie nani? Yule mama alimpa kitambaa, akafungia nywele zake na kucha zake ili aondoke nazo. Kitambaa chenyewe kilitoka kwenye mabaki yale yale ya nguo za Amponsem. Uzi ulitoka kwenye kigurudumu kile kile cheusi. Vifurushi viwili, ukubwa mmoja, weupe mmoja, akaviweka pamoja kwenye kisanduku cha dashibodi, mbele ya kiti cha abiria, akafunga.

Kile kisanduku hakikuwa na mgongo. Fundi fulani wa zamani aliukata akipitisha waya za redio, na nyuma yake pana mdomo wa bloa, ile feni inayosukuma hewa ya AC. Bediako alilijua hilo. Lakini mtu anayebeba msiba anafikiria mashimo ya gari?

Njia nzima alifanya kama alivyofundishwa. Kila alipofika mtoni alipunguza mwendo na kusema, "Mjomba, sasa tunavuka Tano. Jishike vizuri, tusikuache majini." Kila njia panda akasema, "Mjomba, tunakata kulia. Kwetu ni huku." Anasema alijisikia salama, kama ana mtu garini.

Alipoingia kijijini kwetu Ahenkro, wanawake walimtoa garini kwa vilio na kumkumbatia, na mkuu wa ukoo wetu, Mzee Dwumfuo, akafungua kisanduku mwenyewe. Alikuta kifurushi kimoja. Akakipokea kwa mikono miwili na kuondoka nacho. Hakukifungua, na angekifungua angekuwa mtu wa ajabu. Kitu cha namna ile hakifunguliwi. Baadaye Bediako alikumbuka chake, akatafuta, hakukiona. Akajiambia kitakuwa kimedondoka mpakani aliposhuka kupekuliwa. Akanung'unika kidogo, akaenda kula.

Tulizika kijeneza kidogo kama kasha la viatu. Mzee Dwumfuo aliinama juu ya shimo akasema, "Amponsem, umefika. Hapa ndipo kwenu. Kaa hapa. Usimfuate mtu, na mtu asikufuate." Tukatupia udongo. Nilikuwa nimesimama karibu na Bediako, na lile koleo la kwanza lilipotua, nilimwona anajipangusa utosi uliokuwa umenyolewa. Akajipangusa tena. Akatazama kiganja.

"Nani ananimwagia mchanga?" akaninong'oneza.

"Hakuna mtu nyuma yako."

"Naisikia changarawe, mjomba."

Nikamwambia ni njaa. Mimi mambo mengi nayaita njaa.

Baridi ilimwingia wakati wa joto, jambo ambalo lilitufanya tucheke kwanza. Kumasi nzima inaungua, lami inashika viatu, na Bediako amevaa sweta chini ya ovaroli. Nsowaa alikuja kibandani kwangu kunilalamikia.

"Mjomba Boahene, mpwa wako amekuwa samaki wa friza."

"Mama, ndiyo kazi yake, kuuza baridi. Wewe unapata ya bure."

"Usinicheke. Jana kaniwekea mguu mgongoni nikaruka. Nimempa chai ya tangawizi, nimemkanda na mafuta ya moto. Ngozi inapata joto juu juu tu, kama chuma. Ukiondoa mkono, imerudi."

Halafu ikaja ile Jumapili ya Akwasidae, siku ambayo kila ukoo huwamwagia wazee wake kinywaji. Bediako anaimba besi katika kwaya ya Wamethodisti, na pombe hajaionja tangu azaliwe. Asubuhi ile alikuwa anafunga vifungo vya shati, Nsowaa akasimama mlangoni akinusa.

"Wewe! Pombe kali, kabla ya ibada?"

"Sijanywa kitu."

"Nanusa kutoka hapa!"

"Nsowaa, nakuapia. Nimeamka na ladha yake mdomoni. Sijanywa."

"Basi yenyewe imekunywa wewe."

Saa ile ile, kule Ahenkro, Mzee Dwumfuo alikuwa akimwagia kaburi la Amponsem. Hakuna aliyeliunganisha hilo na lile. Tungeliunganishaje?

Na gari nalo. Kila akitoka kazini kuelekea nyumbani, ile kona ya kushoto, dashibodi ilimsonya. Nasema ilimsonya: "Mtsss," mlio mrefu wa dharau, kama wa mtu mzima aliyechoshwa na mtoto. Amponsem, Mungu amrehemu, alikuwa bingwa wa kusonya; angeweza kukusonya mpaka ukasahau ulichokuja kuomba. Akikata kulia, njia ya kwenda Ahenkro, gari lilinyamaza kimya. Bediako alisema ni jani limeingia kwenye bloa. Fundi siku zote ana jina la kila mlio. Lakini jioni moja alijikuta amesimamisha gari mbele ya makaburi ya Ahenkro, injini inanguruma, mguu umekanyaga breki, na hakukumbuka ni wapi aliiacha barabara ya nyumbani. Watu wawili wa kijijini walipita pembeni mwa gari. Aliwasalimu. Hawakuitika, wala hawakugeuka.

Hayo yote aliyavumilia. Kilichomvunja ni kiganja.

Mchungaji mmoja alileta Benzi yake ya zamani. Kazi ilikuwa nyepesi, kiungio kimoja kinavuja. Bediako akakifunga, akanyonya hewa kwa pampu, akatia gesi. Geji zikasema imetosha. Kipimajoto mle ndani kikashuka vizuri. Akafumba macho, akaweka kiganja, na hewa iliyomgusa ilikuwa ya moto. Anasema ilikuwa kama kushika pasi ya mkaa. Akaitazama geji, akakitazama kipimajoto, akakitazama kiganja chake, na kati ya hao watatu akamwamini yule ambaye hajawahi kumdanganya. Akaongeza gesi. Bado moto. Akaongeza tena. Mchungaji hakufika hata njia panda ya kwanza, mpira wa gesi ukapasuka kwa kishindo na watu wa barabarani wakalala chini.

Alirudi kwa miguu, kola imelowa jasho.

"Fundi, hii uliyonitilia ni gesi au ni hasira?"

"Nisamehe, baba mchungaji. Mkono wangu ulisema bado."

"Mkono wako unahitaji maombi."

Watu wakacheka, na mimi nilicheka kuwazidi, nikamwambia mkono wake umestaafu na kumwacha yeye kazini. Hakucheka. Siku zilizofuata magari mengine mawili yalirudi na kasoro ile ile, na madereva wa teksi wakaanza kupita mbele ya kibanda chake bila kupunguza mwendo. Fundi wa AC asiyejua baridi ni kitu gani, atatofautishaje kazi iliyokwisha na isiyokwisha? Atakuwa mwosha magari.

Ndipo akaamua kuupima mkono wake. Alihitaji gari moja ambalo AC yake ataijua yote, bomba kwa bomba, lisibaki neno la kulisingizia gari. Gari hilo lilikuwa Pijo yake.

Nilimwangalia kutoka kibandani kwangu, na nakiri kazi ile ilikuwa nzuri kuiona. Aliosha kondensa, ile rejeta ya AC, mpaka mapezi yake yakang'aa. Akafunga kompresa aliyoitoa kwenye gari lililogongwa nyuma, akaijaza mafuta mapya. Akabadili kichujio cha unyevu. Kila oringi, kile kipete cha mpira cha kuziba kiungio, aliichovya kwenye mafuta kabla ya kuivisha, kama mtu anayemvisha bibi harusi pete. Akawasha pampu ya kunyonya hewa na kuiacha asubuhi nzima, kisha akaizima akaikazia macho sindano ya geji aone kama itasogea. Haikusogea. Hapakuwa na tundu popote. Adhuhuri akatia gesi, akawasha injini, akabonyeza swichi. Kompresa ikashika: ta! Bomba la aluminiamu likaanza kutoka jasho.

Lakini hewa ndani ilitoka kidogo kidogo, kama mtu anapumulia kwenye kitambaa. Na gari lilikuwa limesimama, hakuna kona ya kushoto wala ya kulia, na dashibodi ikasonya.

"Mtsss."

Bediako alizima. Akahamia kiti cha abiria. Halafu akafungua kile kisanduku, akaking'oa, akaingiza mkono kwenye giza mpaka begani, akalegeza skrubu za bloa na kuivuta nje. Katikati ya mapanga ya feni kilikuwa kimejibana kifurushi cheupe, uzi mweusi bado umefungwa.

"Mjomba," aliita. "Njoo."

Ile sauti sikuipenda. Niliacha mteja na betri mkononi. Kifurushi kilikuwa juu ya goti lake, na yeye amefurahi, kwa kweli alikuwa amefurahi. "Nimezipata nywele zangu," akasema. "Kumbe hazikudondoka mpakani. Kumbe ndizo zilikuwa zinasonya." Akafungua uzi kwa meno.

Nywele zilikuwa mvi tupu.

Kucha zilikuwa nene, za njano, na kwenye ukucha wa kidole gumba bado kulikuwa na ile chaki ya bluu wanayochoria mafundi cherehani.

Bediako ana nywele nyeusi kama lami. Hana mvi hata ya kuazima. Aliziangalia, akapitisha kiganja kichwani kwake, pole pole. Karibu yetu mafundi bati walikuwa wanagonga nyundo zao, na nakuambia, mimi sikuzisikia tena.

"Hizi ni za Amponsem," nikasema.

"Naona."

"Basi..."

"Mjomba," akasema, "kule kaburini tulimweka nani?"

Alinyoosha kiganja mbele ya tundu la hewa ingawa bloa ilikuwa sakafuni na hapakuwa na upepo wowote. "Sikukosea," akasema. "Ile hewa ya mchungaji ilikuwa baridi sawasawa. Ni mimi. Mimi ndiye baridi kuliko hewa yenyewe; niko chini zaidi."

Maombolezo ya mwaka ya Amponsem yalikuwa yanakaribia. Hiyo ndiyo siku ukoo unapomuaga mtu kwa mara ya mwisho, jina linaitwa, vilio vinafungwa, na aliyelala hapo amelala moja kwa moja. Viti vilikuwa vimeshaagizwa na nguo nyekundu na nyeusi zimeshashonwa. Hakuhitajika mtu kumweleza Bediako kwamba siku hiyo ikipita kabla mambo hayajarekebishwa, aliyeagwa atakuwa yeye.

Kesho yake tulikwenda Ahenkro. Mzee Dwumfuo alikuwa uani kwake, amekaa kwenye kigoda, anamenya chungwa. Alikitazama kile kifurushi lakini hakukigusa.

"Fukieni pembeni ya kaburi," akasema. "Kimya kimya. Basi."

"Nana, na zangu je?" akauliza Bediako, akimwita kwa jina la heshima la wazee wetu.

"Zako zimeshakabidhiwa. Ardhi huipi kitu halafu ukarudi kuiambia ulikosea. Itakuuliza, basi wangu yuko wapi?"

"Wake huyu hapa."

"Na nani aliwahi kufukua kaburi katika ukoo huu? Wageni wanakuja. Watasema sisi wa ukoo wa Simba hata maiti wetu hatuwajui." Alitupa maganda ya chungwa. "Baridi kila mtu anaipata. Umeugua malaria, kijana. Nenda hospitali."

"Nimekwenda, Nana. Hawakuona kitu."

"Basi huna kitu."

Mimi nilitaka kusema neno kali, nililokuwa nalo tayari, lakini mzee aliinuka akaingia ndani na kutoka na chupa na glasi. "Tumuulize mwenyewe," akasema. "Akitaka kuhamishwa atanionyesha. Wewe Bediako, kaa kule mbali, kwenye mlango wa jiko. Sitaki kelele zako."

Bediako alikwenda akaketi kwenye kizingiti cha jiko. Kati yake na mzee palikuwa na ua mzima na kuku wake. Mzee Dwumfuo alivua kandambili, akajishusha nguo begani, akamimina kinywaji kwenye glasi.

"Amponsem," akasema, "mtu wetu uliyelala pale. Nimekuja na swali. Kabla ya swali, kinywaji hiki hapa. Pokea unywe."

Akamwaga kidogo chini.

Bediako alikohoa.

Mzee aligeuka kumtazama kwa hasira. Akageukia tena ardhi. "Amponsem. Nasema, pokea unywe." Akamwaga zaidi.

Kule mlangoni Bediako alikuwa ameshika koo. Alimeza, tuliona kikoromeo chake kikipanda na kushuka, akapaliwa, akapaliwa tena, na alipoinua uso, kidevu chake kilikuwa kimelowa na macho yanamtoka machozi. Harufu yake ilitufikia kabla hajasema kitu. Mbele ya mzee, pale alipomwaga, udongo ulikuwa mkavu.

Glasi ilibaki hewani. Kuku walikuwa wamenyamaza wote, na ukijua kuku, unajua hilo si jambo la kawaida.

"Nana," alisema Bediako kwa sauti iliyokauka, "naomba usinimwagie tena."

Mzee Dwumfuo alirudisha kinywaji kilichobaki kwenye chupa, tone kwa tone, asimwage hata kidogo. "Leo ni Jumatano," akasema. "Kesho ni siku ya Ardhi, haichimbwi. Ijumaa, jua la utosi, wanawake wakiwa wamekwisha pita kwenda mashambani. Njooni na koleo. Na wewe Boahene, usimwambie mtu."

Kwa hiyo sikumwambia mtu, isipokuwa wale niliowaambia.

Ijumaa tulikuwa watatu. Jua lilikuwa limesimama juu kabisa, hakuna mtu mwenye kivuli, na upepo mkavu wa kaskazini ulikuwa unaburuta majani katikati ya makaburi. Mzee aliiomba Ardhi radhi kwa maneno ambayo sitayaandika. Mimi nilichimba, maana Bediako vidole vyake vilikuwa haviwezi kushika mpini. Kucha zilikuwa zimebadilika rangi zikawa za samawati. Kila koleo nililotoa, alijipangusa kichwa. Nilipofika chini kidogo, akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyeibuka majini.

"Sikiliza," Mzee Dwumfuo alimwambia. "Nitakuita kwa jina lako. Itika mara moja. Usinifanye nikuite tena."

"Ndiyo, Nana."

"Bediako!"

Alifungua mdomo. Niliuona uko wazi, ulimi unajongea, na hakuna kilichotoka. Mzee alikodoa macho. Mimi nilikuwa nimepiga magoti ukingoni mwa shimo, hakuna aliyekuwa karibu nalo kuliko mimi, na ile "Naam" ilipokuja, ilikuja imechelewa, nzito, kama inapita kwenye nguo. Sitasema ilitokea upande gani. Bediako mwenyewe aliisikia akashtuka.

"Tayari," alisema mzee haraka. "Toa. Toa kasha!"

Nililitoa. Mchwa walikuwa wametangulia. Pembe moja ya kasha ilikuwa imeliwa, na kile kitambaa kimekuwa wavu, ukikigusa kinakuwa vumbi. Lakini nywele zilikuwamo, nyeusi, na kucha katikati yake. Tukatandika kitambaa kipya juu ya majani nikaanza kuhamisha. Tukamweka Amponsem mahali pake, na naapa, kasha lile lilipopokea kile kifurushi cha mvi, liliongezeka uzito mikononi mwangu. Mzee akamwambia, "Amponsem, ndiyo umefika sasa. Tusamehe safari ndefu." Hakusonya.

Bediako alikunja nywele zake, akaziweka mfuko wa shati, kifuani. Hatujafika hata kwenye gari akavua sweta. Rangi ikarudi mashavuni. Akasema ana kiu, anataka maji ya baridi, na tangu siku ya maziko hakuwa ameyataja maji ya baridi. Akaketi kwenye usukani, akawasha AC, akaweka kiganja cha kulia mbele ya tundu, akafumba macho.

"Mpe mwenyewe ufunguo," akasema, na akalia.

Tukakata kona zote za kushoto bila msonyo. Maombolezo ya mwaka yalipofika akaimba besi na harufu yake ilikuwa ya sabuni. Madereva wa teksi wamerudi. Na sasa sikilizeni lile ambalo hamtaki kuliamini: ni mimi Boahene, kwa vidole hivi hivi, upepo unavuma, mchwa wananing'ata, niliyeziokota zile nywele unywele kwa unywele, zile kucha ukucha kwa ukucha, mkono wa kulia na wa kushoto, sikuacha hata kimoja mle shimoni, na tangu hapo mwili wake mzima, kutoka utosini hadi nyayoni, una moto ambao ukimgusa popote pale unaun—

"Mjomba," amesema Bediako, na ameweka kikombe chini. "Popote pale?"

Amenyoosha mkono wa kushoto juu ya karatasi.

"Hebu shika huu."